Yaya Yangu Aliniambia Memori Imeunguza Hadithi za Mama

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja. Nakaa Kashikishi, hapa Nchelenge, na kazi yangu ni kupiga taipu katika ofisi moja ya mambo ya samaki. Sina mume, sina mtoto. Naandika haya nikiwa na hasira, wasomaji wenzangu, sitawaficha. Watu walinishauri nisubiri hasira ipoe kwanza ndipo nishike kalamu. Nimesubiri... haipoi!

Nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, Kilwa ya upande wa Kongo. Baba alifariki nikiwa mdogo. Kaka yangu Paskali, ambaye mpaka leo namwita Yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu kwetu, aliacha shule akaanza kupeleka samaki wakavu Lubumbashi ili mimi nisome usekretari. Hilo nalisema mapema kwa sababu ni kweli. Nalisema pia kwa sababu yeye mwenyewe hajaniacha nilisahau hata siku moja.

Mama yetu alikuwa mtu wa hadithi. Jirani wakianika samaki, yeye anasimulia. Wanawake wakisubiri mtumbwi, yeye anasimulia. Alijua habari za chisense, wale samaki wadogo waliokataa kuwa na mfalme. Alijua ya kiboko aliyekwenda kuomba mke mjini Mwansabombwe, na ya mwanamke aliyepika ukungu wa ziwa akawalisha wakwe zake. Nyingine alizitunga mwenyewe, nyingine alipewa na bibi yake, na hakuna aliyejua ipi ni ipi.

Alipoanza kuumwa nilimvusha ziwa nikamleta kwangu. Wakati huo muzungu mmoja aliyekuwa anapima samaki wa ziwa alikuwa anafunga mizigo kurudi kwao, akaniachia laptop yake. Ilikuwa ya zamani, ya kijivu, nzito kama tofali. Mahali pa kuingizia disketi palikuwa pamekufa. Lakini iliwaka, na mimi nilikuwa najua kuandika.

Basi Mama akawa analala kwenye mkeka, mimi naandika. Akichoka tunanyamaza. Akipata nguvu ananiita, "Lina, leta mashini yako." Nilikuwa nachora picha pia, humo humo ndani ya mashini, nikazipanga katikati ya maneno: kiboko amevaa kofia, wakwe wanakula ukungu. Mama alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Siku zile zilikuwa za mateso, lakini nikiambiwa nichague siku za kurudishiwa, nitachagua hizo.

Tukamaliza. Baada ya muda si mrefu Mama akatutoka.

Nilikwenda Mansa, kwenye nyumba moja ya uchapaji. Wakasema wako tayari kuchapa kitabu cha watoto moja kwa moja kutoka kwenye laptop yangu, kwa waya. Tukaiwasha. Tukafungua faili... mashini ikaganda! Tukajaribu tena, ikaganda. Kumbe nilivyozidi kuongeza picha ndivyo faili lilivyozidi kuwa zito, na sasa laptop haikuwa na nguvu ya kulibeba. Mchapaji akaniambia kazi yangu imo ndani, haijaharibika, ila mashini ina memori ndogo. Niongeze memori, nirudi.

Wasomaji wenzangu, hapa ndipo nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu wengine mnadhani memori ni kama chumvi, ya duka lolote inafaa kwa chungu chochote. Hapana! Muzungu alikuwa ameniachia kitabu cha mashini. Nilikisoma ukurasa kwa ukurasa, na kamusi pembeni. Nikaelewa kwamba kibao cha memori cha kompyuta ya mezani ni kirefu, hakiingii kabisa kwenye laptop. Nikaelewa kwamba hata vile vifupi vya laptop havifanani. Yangu ilikuwa ya aina ya zamani inayotumia umeme wa volti tano. Vipya vilivyokuwa vinaingia madukani vilikuwa vya volti tatu na kitu. Tena mashini yenyewe ina kikomo, ukiizidishia haihesabu ile ya ziada. Na kila kibao kina pengo dogo ubavuni, limewekwa makusudi, ili kisichofaa kisiingie.

Nchelenge hapakuwa na duka la vitu hivyo. Mansa hawakuwa nacho. Yaya Paskali alikuwa anaelekea Lubumbashi na mzigo wake, akasema, lete, nitakufanyia. Niliuza cherehani yangu. Nikampa pesa, nikampa laptop, nikampa na kile kitabu nikiwa nimepiga mstari chini ya maneno yote ya muhimu.

Tulisimama ufukweni, mzigo wake unapakiwa. Nikamwambia kwa Kiswahili chetu cha Kilwa, "Yaya, kama habana ya aina hii, urudi nayo tu vile iko. Usikubali mutu akuambie njo ile ile."

Akacheka. "Memwari ni memwari, Lina. Unazani mi mutoto?"

"Yaya, ni hadisi ya Mama iko mule."

"Najua. Si Mama ni Mama yangu mi pia?"

Maneno hayo wakati ule yalinifariji. Leo nikiyakumbuka yananichoma!

Alirudi baada ya majuma kadhaa. Nilimwona anashuka kwenye boti, kichwa chini, mfuko umekumbatiwa kifuani kama maiti ya mtoto. Nikajua.

"Memwari ilikataa," akasema. "Iliunguza yote. Yote, mudogo wangu. Fundi alisema akuna kitu kilibakia."

Akanionyesha kile kibao. Nilikishika mkononi. Wasomaji, kilikuwa kimekwanguliwa kwa tupa! Lile pengo la ubavuni halikukubali, basi wakakata jipya, wakasukuma kwa nguvu. Kilikuwa cha volti tatu. Kilikuwa kipya na kikubwa zaidi, ndiyo, kilikuwa na kila kitu isipokuwa kile nilichoomba. Kimoja cha vidude vyake vyeusi kilikuwa kimepasuka, kinanuka moshi.

Nilimuuliza, je, ulimwonyesha fundi kitabu? Akasema fundi alisema vitabu ni vya kuwatisha watu. Nilimuuliza, kwa nini hukurudi nayo kama nilivyosema? Akaanza kulia. Kaka yangu mkubwa, mwanaume aliyemzika baba yetu bila chozi, alilia mbele yangu kama mtoto.

Mngefanya nini? Mimi nilimkumbatia! Nilimwambia anyamaze, ni bahati mbaya. Nilimpikia. Tulikaa pamoja siku nzima, tukamlilia Mama mara ya pili, yeye amenishika bega. Alinifariji, wasomaji wangu. ALINIFARIJI! Kumbukeni neno hilo mnapoendelea kusoma.

Ile laptop niliifunga kwenye kitenge nikaisukuma chini ya kitanda. Sikuweza kuitupa, sikuweza kuitazama. Nilijaribu kuandika tena hadithi kwa kichwa changu. Mwanzo unakuja, katikati panakatika. Sauti ya Mama ilikuwa inapotea, na kila nilipokwama nilijiona mimi ndiye niliyempeleka kwenye moto.

Mwaka ukageuka. Ofisi yetu ikanipeleka Mansa kwenye mafunzo mafupi ya kompyuta. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke, Madam Chanda, mwenye sauti ya upole. Somo la kwanza kabisa alifungua kompyuta mbovu juu ya meza akaanza kutuonyesha viungo vyake. Akainua kibao cha memori, akasema hiki hakitunzi kitu. Ni kama meza ya kufanyia kazi. Umeme ukizimwa, meza inabaki tupu. Kazi yenu, akasema, inakaa hapa... akagonga kisanduku bapa cha chuma. Hii ndiyo diski. Memori ikiungua, toa diski hii, iweke kwenye mashini nyingine, kwa kawaida utakuta kila kitu chako.

Nilisimama. Sikuamua kusimama, nilijikuta nimesimama. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamuuliza, "Madam, hata kama memori ilikuwa ya volti isiyofaa? Hata kama ilitoa moshi?"

Akasema bodi, lile bamba linaloshika viungo vyote, inaweza kufa, na mara chache diski nayo inaweza kuumia, lakini mtu hawezi kusema kazi imeungua kabla hajaijaribu diski. Akaniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwomba anionyeshe jinsi ya kuitoa diski.

Bado nilikuwa namtetea Yaya moyoni! Nilijiambia, hakujua, fundi alimdanganya, diski yangu iko chini ya kitanda, Mama yuko chini ya kitanda changu muda wote huu! Njia nzima kutoka Mansa nilikuwa nasali na kucheka peke yangu, watu kwenye gari wakanitazama.

Nilifika, nikavuta kitenge, nikatafuta bisibisi. Nikafungua chini ya laptop kama nilivyofundishwa.

Mahali pa diski palikuwa patupu.

Palikuwa pasafi. Skrubu zake nne zimerudishwa vizuri, zimekazwa. Mtu alikuwa ametoa diski kwa utulivu, kisha akafunga, kisha akanirudishia kasha.

Nikapanda boti asubuhi iliyofuata. Nilipofika Kilwa, Yaya alikuwa ameshuka bandarini. Nikamkuta mke wake, Mama Kevina, anachambua mboga. Mwanamke mwema, hana hila, mpaka leo sina neno baya juu yake. Alifurahi kuniona, akanipa kiti, akaanza kunilaumu kwa mzaha.

"Wifi, weye hata haukukuja kutupongeza? Haujaona kitabu ya yaya yako? Batu ya shule bote banakisoma!"

Akaingia ndani, akatoka nacho, amekipangusa kwa kanga yake.

Nilifungua. Kiboko amevaa kofia. Kiboko WANGU, na ile kofia niliyoikosea nikaichora imeinama upande mmoja. Maneno yangu, mpaka makosa yangu ya taipu. Lakini hadithi zilikuwa zimekatwakatwa ili zitoshe kurasa. Ya mwanamke aliyepika ukungu ilikwisha kabla wakwe hawajakaa kula! Na juu ya jalada, kwa herufi nene, jina la Yaya Paskali. Jina la Mama halikuwemo popote, hata kwenye kona.

Mama Kevina akaniuliza mbona silii kwa furaha. Nilimwambia nasubiri mwenye kitabu.

Yaya alipoingia uani akaniona na kitabu mapajani, alisimama. Hakusalimia. Akamwambia mke wake aende sokoni. Mke akasema, naenda kununua nini? Yaya hakuwa na cha kumtuma, na hapo nikapata jibu langu lote.

Akaeleza. Memori ilipounguza bodi, aliogopa kurudi kwangu. Mwenye duka alilofanyia kazi yule fundi akatoa diski akaitia kwenye mashini yake, na hadithi zikatokea zote, nzima, na picha zake. Mwenye duka huyo alikuwa pia anachapa vijitabu vya shule. Akazisoma, akazipenda, akataka kuzinunua. Akauliza, ni za nani? Yaya akasema ni zake mwenyewe.

"Basi juu ya nini haukuniambia zilipona?" nikamuuliza.

"Ungekatala."

"Njo ningekatala! Ukalia mbele yangu, Yaya! Nilikupikia chakula!"

"Nilikuwa nalia kweli," akasema. "Na tena nani alikusomesha? Bila mi ungejua kupiga taipu? Mama ni Mama yangu. Hadisi zake ni zangu pia."

Nikamwambia sawa, ni zako pia. Basi nipe diski, nichukue zile zangu. Akatazama chini. Diski ilifutwa zamani. Mwenye duka aliisafisha akaiuza ndani ya kompyuta nyingine, akabakiza kurasa zile zile alizokwisha kuzikata. Sauti ya Mama, na vile vipande alivyonisimulia akiwa anakata roho... vilifutwa ili mtu asiyejulikana aweke mambo yake!

Nilimpiga. Naandika bila aibu. Nilimpiga kofi kaka yangu mkubwa mbele ya mke wake, nikaondoka na kile kijitabu.

Mnadhani watu wa familia walinitetea? Mama mudogo, mdogo wake Mama, alituita sote nyumbani kwake Mwansabombwe. Nilifika na laptop tupu na kibao kilichokwanguliwa, kama mtu anayekwenda mahakamani. Hakuna aliyetaka kuvitazama. Kikao kizima kilihusu kofi! Eti nimemkosea heshima mkubwa wangu. Eti alinisomesha. Mama mudogo akanishika mkono akasema, "Samehe, mwanangu. Uko na bayaya bangapi?"

Nikamjibu, "Mama mudogo, na mi nilikuwa na bamama bangapi?"

Lakini wakanitaka bado nipige magoti. Sikupiga. Niliwaambia nitasamehe siku Yaya atakaposema mbele za watu wale waliosoma kitabu kwamba hadithi ni za Mama yetu na kazi ni yangu. Yaya akasema hiyo itamwaibisha. Nikatoka.

Kisha vita ikafika upande ule wa ziwa. Mmesikia, wengine mmeyaona kwa macho. Boti zilikuwa zinakuja zimejaa magodoro na kuku na watoto. Siku moja mchana nilikuwa kwenye kizingiti changu, nikaona watu wanapanda kutoka ufukweni, na mbele yao Mama Kevina, mtoto mgongoni, kiatu kimoja. Nyuma yake Yaya na watoto wakubwa.

Niliwafungulia. Nilichemsha maji wakaoga, nikawapa kitanda changu. Je, ningefanya nini? Watoto wale wamekosa nini? Lakini msinielewe vibaya, wasomaji. Kufungua mlango si kusamehe. Nilikuwa nampakulia chakula kaka yangu na hasira yangu yote, na bado ninayo.

Jioni moja watoto wake walimwomba awasimulie ile ya mwanamke wa ukungu, kwa sababu waliamini baba yao ndiye mwandishi. Niliacha kuosha vyombo. Yaya akaanza vizuri. Akafika pale wakwe wanapobisha hodi... akakwama. Akarudi nyuma, akajaribu tena, akakwama. Watoto wakasema, "Endelea, Papa." Akanitazama mimi.

Hakuijua! Aliuza kitu ambacho hata yeye mwenyewe hakuwa nacho kichwani!

Nikamwambia, mbele ya watoto wake, "Sema basi. Ilikuwa ya nani?"

Akawaambia, kwa sauti ndogo, kwamba hadithi zile ni za bibi yao, na aliyeziandika ni shangazi yao, na kwamba yeye aliziiba. Alitumia neno hilo hilo: niliziiba. Kevina, mkubwa wao, akainuka akaja kukaa upande wangu.

Mnadhani nilipata raha? Nilitegemea kupata. Niliona mwanaume aliyevunjika, na hadithi bado haikuwa na mwisho. Sasa yeye amepata kibanda chake huku chini karibu na ufuko, anabeba mizigo ya watu. Tunaamkiana. Ni hapo tulipofika, na sijui kama tutavuka.

Ndugu wasomaji, nisikilizeni, msipite nilipopita mimi. Ukiwa na mashini ya zamani unataka kuiongezea memori, usimtume mtu. Nenda mwenyewe na kitabu chake. Hakikisha aina, hakikisha volti, hakikisha mashini inakubali mpaka kiasi gani. Fundi akikuambia mpya ni bora zaidi, mkatalie. Akishika tupa kukata pengo, mnyang'anye mashini yako ukimbie! Na mtu akikuambia memori imeunguza kazi yako, muulize kwanza diski iko wapi, umtazame machoni akijibu.

Na wewe dada uliyesomeshwa na kaka, au mdogo uliyelelewa na mkubwa: shukuru, rudisha wema kwa mikono yako yote miwili. Lakini mtu akikuibia, mwite mwizi, hata kama ndiye aliyekununulia daftari lako la kwanza. Mimi nilichelewa kulitamka neno hilo kwa sababu ya heshima. Nawasihi, msichelewe.